Maji ya Injini na Maji ya Kunywa

Kila mtu aliyesafiri kwa kamioni kutoka Uvira kwenda Bukavu anaijua milima ya Ngomo. Anaijua ile njia nyembamba iliyochongwa katika ubavu wa mlima, bonde la Ruzizi likionekana mbali chini, na kamioni zinazopanda polepole zikinguruma na kutoa mvuke puani kama ng'ombe dume. Tangu utoto wetu tulimwona huko kijana msaidizi wa shoferi akitembea nyuma ya kamioni, jiwe la kuzuia gurudumu katika mkono mmoja, bidoni ya maji katika mkono wa pili. Hatukudhani ya kuwa siku moja, ng'ambo ya bahari, katika nchi inayosifiwa sana kwa motokaa zake, tutamkumbuka kijana huyo na bidoni yake, tena tutamtamani kama mtu anavyomtamani ndugu yake.

Habari tunayotaka kuwasimulia ni ya safari moja katika jangwa la Mojave, nchini Marekani, mwezi wa Juni mwaka 2019.

Mzee jirani yetu

Sisi ni watu wa Kivu: baba, mama na mtoto wetu mmoja wa kiume, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 12. Tulipohamia mji wa San Bernardino, katika jimbo la California, mtu wa kwanza kubisha hodi kwetu alikuwa mzee mmoja Mmarekani, fundi wa chuma aliyekwisha kustaafu. Yeye ndiye aliyetufundisha kuendesha motokaa katika njia za huko, na ndiye aliyetuonyesha duka linalouza unga mweupe wa mahindi. Sisi tulimwita Mzee, na mkewe tukamwita Mama. Mtoto wetu aliwaita Babu na Nyanya. Majina hayo yaliwapendeza, wakazoea kuyaitikia.

Nyuma ya nyumba yao palikuwa na banda, na ndani ya banda ilikaa motokaa aliyoipenda Mzee kuliko vitu vyake vyote. Ilikuwa Ford ya mwaka 1932, yenye milango miwili, rangi nyeusi. Lakini haikuwa tena kama ilivyotoka kiwandani. Madigadi yake yalikuwa yameondolewa, na vifuniko vya ubavuni pia, hata injini ilionekana uchi, iking'aa kama sufuria ya arusi. Motokaa ya namna hiyo Wamarekani huiita hotirodi.

Hotirodi ilizaliwa kusini mwa California. Mwaka 1932 Henry Ford alianza kuuza motokaa yenye injini ya silinda nane, nne kushoto na nne kulia, zilizopangwa mfano wa herufi V. Kabla ya hapo injini ya namna hiyo ilikuwa katika motokaa za bei kubwa. Ford aliweza kuimwaga bloku nzima ya chuma kwa kalibu moja, na kwa hiyo akaiuza kwa bei ambayo mtu wa kawaida aliiweza. Nguvu zake zilikuwa za farasi 65. Vijana wasio na fedha walingoja motokaa hizo zichakae, wakazinunua kwa bei ndogo, wakaondoa kila kilicho kizito, wakaongeza nguvu za injini, kisha wakazipeleka kushindana juu ya maziwa yaliyokauka, kama vile Muroc na El Mirage, ambako ardhi ni ngumu tena sawasawa kama sakafu. Mwaka 1937 walianzisha chama cha kusimamia mashindano hayo. Baada ya vita kuu ya pili, askari wengi waliojifunza ufundi jeshini waliingia katika mchezo huo. Lakini wengine walishindana usiku katika njia za miji, na watu wakafa. Kwa sababu hiyo mwaka 1951 kilianzishwa chama kingine, ili kuwatoa vijana barabarani na kuwapatia viwanja vyao wenyewe.

Injini ya Mzee ilikuwa ya mwaka 1946, ya ukoo uleule, nayo ilitoka kiwandani ikiwa na nguvu za farasi 100. Yeye alipanua silinda zake na kuifunga kabureta mbili. Alituambia wazi ubaya wake pia. Katika injini za ukoo huo moshi wa moto hautoki moja kwa moja nje. Sharti kwanza upite ndani ya bloku, katikati ya maji ya kupoza, ndipo upate bomba la kutokea. Kwa hiyo maji huchemka upesi. Tena fundi akipanua silinda, kuta zake hubaki nyembamba. Mzee alisema, "Injini hii ni kama mtu mwenye nguvu nyingi na hasira nyingi. Sharti umpe maji kabla hajayaomba."

Safari iliyongojwa miaka 52

Mama alizaliwa California, lakini wazazi wake walitoka Oklahoma. Katika miaka ya 1930 ukame ulikausha mashamba ya nchi hizo za katikati ya Marekani, upepo ukainua udongo mpaka mchana ukawa kama usiku, na watu kwa maelfu walifunga vyombo vyao juu ya motokaa kuukuu wakaelekea California kutafuta kazi ya kuchuma matunda. Wengi wao walipita katika njia iliyoitwa 66, iliyofunguliwa mwaka 1926, yenye urefu wa kilomita zipatazo 3,900 kutoka Chicago mpaka pwani ya magharibi. Baba yake Mama alipita humo mwaka 1936. Kitu kimoja tu cha safari hiyo kilibaki: mfuko wa turubai wa kuchukulia maji, ambao wasafiri wa jangwani waliufunga mbele ya motokaa. Maji hupenya kidogo katika nyuzi zake, upepo huyakausha kwa nje, na yale yaliyo ndani hupoa, kama katika mtungi wa udongo wa kwetu.

Mzee na Mama walipooana mwaka 1967, Mzee alitoa ahadi: "Nitatengeneza motokaa kwa mikono yangu, nami nitakupeleka katika njia ya baba yako, mpaka juu ya mlima ule alioupanda." Mlima huo ni Sitgreaves, ng'ambo ya mto Colorado, katika jimbo la Arizona. Kisha wakaja watoto, ikaja kazi, ikaja karo ya shule, ukaja ugonjwa wa moyo wa Mama. Kila mwaka safari iliahirishwa. Hata mwaka 2019 Mama alikuwa na miaka 75, na Mzee 77.

Siku moja Mzee alituita bandani, akatuambia, "Imekwisha. Nanyi mtakwenda pamoja nasi." Tulimwomba turuhusiwe kufuata nyuma kwa Toyota yetu. Akakataa. Alisema safari ya kufuatwa na motokaa nyingine si safari, ni mazishi. Tukacheka, tukanyamaza.

Saa zilizopotea

Watu wa zamani walivuka Mojave usiku. Mzee naye alipanga hivyo. Tuliondoka San Bernardino saa tisa za usiku, tukapanda mlango wa milima ya Cajon penye baridi nzuri, injini ikiimba vizuri. Mbele ya motokaa ulining'inia mfuko wa turubai. Nyuma tulikuwa na bidoni mbili za lita ishirini: moja ya injini, moja ya watu.

Tulipofika Barstow tulisikia harufu ya petroli. Bomba dogo la kupeleka petroli katika kabureta lilikuwa limepata tundu. Tukangoja maduka yafunguliwe, Mzee akanunua bomba jingine, akalikunja, akalifunga. Alipomaliza ilikuwa saa nne na nusu ya asubuhi, na jua lilikwisha kuwa kali.

Mama alisema kwa upole, "Tulale hapa leo. Tutavuka usiku unaokuja."

Mzee akajibu, "Nimengoja miaka 52. Je, nitashindwa kwa ajili ya saa sita?"

Wala sisi hatukusema neno. Kwetu mgeni hampangii mwenyeji safari, na mdogo hamkosoi mkubwa mbele ya mkewe. Ndivyo tulivyolelewa. Lakini tangu siku ile tumejiuliza mara nyingi kama adabu yetu ile ilikuwa adabu kweli, au ilikuwa woga uliovaa nguo ya adabu.

Nchi isiyo na maji

Baada ya Barstow dunia hubadilika. Milima ni mitupu kama mifupa, vichaka ni vya rangi ya majivu, na mahali pengine njia hupita katika mawe meusi ya volkano. Tulipoyaona mawe hayo tulimwambia mtoto wetu, "Tazama, hapa ni kama Goma." Ni kweli, ni mawe ya volkano kama yale ya Nyiragongo. Lakini huku hakuna mgomba juu yake, wala hata jani moja bichi.

Katika nchi hii maji ndiyo yaliyopanga vituo vya watu. Reli ilipopita huku mwaka 1883, injini za mvuke zilihitaji maji kila baada ya mwendo kidogo, lakini sehemu kubwa ya jangwa haikuwa na kisima. Basi maji yalichukuliwa kwa mabehewa kutoka chemchemi za Newberry na kupelekwa kwenye vituo vya mbele. Hivyo tangu mwanzo watu wa jangwa hili walijua ya kuwa injini na binadamu hunywa katika chombo kimoja.

Baada ya Ludlow tuliiacha barabara kuu mpya tukashika ile ya zamani. Barabara kuu mpya ilipofunguliwa mwaka 1973 ilipita mbali upande wa kaskazini, na vijiji vya njia ya zamani vikafa vyote karibu kwa siku moja. Vilivyobaki ni majina, na majina yenyewe ni ya ajabu. Kituo kimoja kiliitwa Klondike, kwa jina la nchi ya dhahabu ya Kanada penye theluji nyingi. Kingine kiliitwa Siberia. Kinachofuata kiliitwa Bagdad, na hapo Bagdad, toka mwaka 1912 mpaka mwaka 1914, zilipita siku 767 bila tone moja la mvua linaloweza kupimwa. Katika Marekani yote haujaandikwa ukame mrefu kuliko huo.

Mtoto wetu alisoma habari hizo kwa sauti katika kitabu chake cha wasafiri, nasi tukacheka kusikia Siberia yenye joto la nyuzi 43. Kicheko hicho kilikuwa cha mwisho kwa siku ile.

Mshale

Mbele ya usukani wa Mzee palikuwa na saa ndogo ya kupimia joto la maji. Namba 212 ya Wamarekani ni 100 yetu, yaani maji yanachemka. Tulipotoka Ludlow mshale ulikuwa karibu na 190. Baada ya kilomita chache ulifika 200, kisha ukaendelea kupanda. Sisi tuliokaa nyuma tuliuona, tukatazamana. Mama aliyekaa mbele aliuona, akageuza uso dirishani. Na Mzee aliuona kuliko sisi sote. Akainua mkono wa kushoto akaushika usukani kwa juu, na mkono ukaificha ile saa.

Karibu na Siberia mvuke ulitoka kwa kishindo, kioo cha mbele kikawa cheupe. Mzee akasimamisha motokaa, akazima injini. Maji yaliyobaki katika rejeta yalimwagika barabarani, yakakauka mbele ya macho yetu.

Sasa, wasomaji wapenzi, hapa tunawaomba muangalie vizuri, hasa ninyi vijana mnaopenda ufundi. Injini iliyoishiwa maji haipewi maji baridi mara moja. Chuma chenye moto mkali kikimwagiwa maji ghafula hujikunja upande mmoja kabla ya upande wa pili, nacho hupasuka kama chungu kilichotolewa motoni na kutiwa mtoni. Kijana wa Ngomo, hata asiyejua kusoma, analijua jambo hilo. Hukaa juu ya jiwe lake, huimba, hungoja mpaka awezapo kuweka kiganja juu ya chuma. Mzee wetu alilijua kuliko sisi, maana kazi ya chuma ilikuwa kazi ya maisha yake. Lakini alingoja dakika kumi tu. Kisha akafunika mkono kwa kitambaa, akafungua kizibo cha rejeta, akamimina bidoni yote ya injini. Tulisikia sauti ndogo, "ti!", kama kijiti kikavu kinachovunjika. Mzee alisimama kidogo, bidoni ikiwa ingali juu. Kisha akamaliza kumimina.

Injini ikawaka tena, tukaenda. Lakini haikuimba tena. Ilikohoa. Katika bomba la moshi la kushoto ulitoka moshi mweupe. Mahali palipokuwa Bagdad, ambapo leo hakuna nyumba hata moja, nguvu zilikwisha kabisa, tukasimama kando ya njia. Ilikuwa saa saba na robo ya mchana.

Bidoni ya pili

Tulijaribu simu zetu, hazikupata mtandao. Mzee alivuta kijiti cha kupimia oili, akakitazama. Oili haikuwa nyeusi tena, ilikuwa kama kahawa iliyotiwa maziwa, maana yake maji yameingia ndani yake. Fundi yeyote akiona hivyo hujua ya kuwa kazi imekwisha. Lakini Mzee alikifuta kijiti, akakirudisha mahali pake, akaenda nyuma ya motokaa, akatoa bidoni ya pili, ile ya watu. Akaja nayo mbele.

Tulikuwa wanne tulioelewa anataka kufanya nini, kama tukimhesabu yeye mwenyewe. Mama alikuwa ameketi katika kivuli chembamba cha mlango, mkono wake juu ya kifua, midomo imekauka. Sisi tulisimama kama miti. Kwetu mtu hamnyang'anyi mzee chombo kilichomo mkononi mwake. Maneno yalifika kooni yakakaa huko.

Ndipo mtoto wetu, ambaye hakuwa anagombana na mtu wala hakutaka kumwaibisha mtu, aliuliza kama anavyouliza shuleni: "Babu, na sisi tutakunywa nini?"

Mzee alimtazama. Alitazama bidoni. Kisha akageuka akamtazama mkewe, na tunadhani ilikuwa mara ya kwanza kumwona tangu Barstow. Akaiweka bidoni chini taratibu, akajaza kikombe, akampelekea Mama. Mikono yake ilitetemeka hata maji mengine yakamwagika juu ya nguo yake, na Mama akaishika mikono hiyo pamoja na kikombe, akanywa.

Chini ya daraja

Mmoja wetu alisema atakwenda kwa miguu mpaka Amboy, umbali usiofika kilomita 15. Mama akakataa kwa nguvu kuliko tulivyomdhania. Alisema baba yake aliwafundisha watoto wake sheria moja ya jangwa: anayekaa karibu na motokaa huonekana, anayetembea mchana hupotea au hufa. Sheria hiyo ndiyo wanayofundishwa wasafiri wa jangwani hata leo, nasi tunawaachia ninyi pia.

Hatua chache mbele palikuwa na daraja dogo la mbao juu ya kijito kikavu. Tulikaa chini yake kivulini, tukafungua kitambaa chekundu tukakifunga juu ya motokaa, tukanywa kwa kipimo, kikombe kimoja kila mtu kwa kila nusu saa. Mara mbili gari la moshi refu lilipita katika reli iliyo karibu, mabehewa hayahesabiki, na dereva akapiga honi. Lakini gari la moshi haliwezi kusimama kwa ajili ya mtu anayepunga mkono.

Kumbe dereva mmoja alikuwa ametoa habari. Baada ya saa tisa alikuja mfanyakazi wa reli na motokaa yake ya kazi, mwenye maji ya barafu na simu ya upepo. Alisema, "Waliniambia kuna gari la zamani na watu wa zamani." Hata Mama alitabasamu. Aliwachukua Mama, mtoto, na mmoja wetu kuwapeleka Amboy. Mzee hakukubali kuiacha motokaa yake, na mmoja wetu akabaki pamoja naye kungoja kamioni ya kukokota.

Katika kungoja huko Mzee alisema, bila kuulizwa, "Niliuona mshale tangu Ludlow."

Tukamjibu, "Nasi tuliuona, Mzee."

Akafikiri kidogo. "Mbona hamkuniambia?"

"Na wewe, mbona uliuficha?"

Hakujibu, wala sisi hatukuendelea. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humfichua. Siku ile wafichaji hawakuwa mmoja. Motokaa nzima ilikuwa imejaa watu wanaojua neno moja, na kila mmoja amelifunika kwa mkono wake.

Ufa kama unywele

Kamioni ilitufikisha Barstow usiku. Kesho yake alfajiri, injini imekwisha kupoa, Mzee aliazima spana katika gereji, akafungua nati 24 za kifuniko cha silinda cha kushoto. Alimwita mtoto wetu asogee. Akasafisha chuma kwa kitambaa, akapaka mafuta membamba, akayafuta. Katika chuma kikavu ukabaki mstari mmoja uliolowa, mwembamba kama unywele, kutoka penye valvu mpaka ukingo wa silinda. "Hii ndiyo ile sauti uliyoisikia," akamwambia. "Ukuta niliupunguza mimi, na maji baridi nimeyamimina mimi. Usiseme injini ilikuwa mbaya."

Wakati huo Mama alikuja, amevaa viatu vya kutembelea, mkoba mkononi na ule mfuko wa turubai begani. Alitusihi tukodi motokaa. Mzee akasema ahadi ilikuwa kumpeleka katika motokaa aliyoitengeneza kwa mikono yake, na bila hiyo safari haina maana. Mama alingoja mpaka amalize kunawa mikono. Kisha akasema, "Nilikuwa nikiingoja njia, sikuwa nikiingoja injini. Na nilikuwa nikikungoja wewe utoke bandani."

Tuliondoka saa mbili. Mzee aliketi nyuma pamoja na mtoto wetu.

Kileleni

Huko Needles, kando ya mto Colorado, Mama aliujaza maji mfuko wa baba yake. Mwanzo ulivuja sana, kwa kuwa ulikuwa umekaa mkavu miaka mingi kama pambo. Baadaye nyuzi zilivimba, ukashika maji, ukabaki kutoa jasho tu. Tulivuka mto, tukapita Oatman, kijiji cha zamani cha machimbo ya dhahabu, ambamo punda hutembea barabarani wakiomba chakula. Hao ni uzao wa punda walioachwa na wachimbaji. Kisha njia ilianza kupanda, nyembamba, yenye kona kali, korongo upande mmoja. Tulidhani tumerudi Ngomo.

Motokaa ya kukodi ilipanda bila shida yoyote, na mshale wake wa joto haukusogea hata kidogo. Mzee alikuwa akiutazama kwa nyuma. Kabla ya kona ya mwisho alituomba tusimame. Alisema, "Mahali hapa si pa kupita umekaa." Akashuka, akamfungulia Mama mlango, wakapanda kwa miguu wameshikana, polepole, wakipumzika kila mara kwa ajili ya moyo wa Mama. Sisi tulifuata nyuma.

Juu ya mlima huo, mita zaidi ya 1,000, upepo ulikuwa wa baridi, na magharibi tuliona milima ya California mfululizo, safu nyuma ya safu. Mama akatuonyesha upande wa mashariki. Akasema motokaa ya baba yake haikuweza kupanda kwa mbele. Motokaa nyingi za zamani zilipata petroli kwa kuteremka tu kutoka tangi, na katika mlima mkali petroli haikufika tena penye injini. Basi watu waliigeuza motokaa, wakapanda kinyumenyume. Ndivyo alivyofanya baba yake. Na mama yake alitembea upande wa chini wa motokaa, mjamzito, akibeba jiwe la kuzuia gurudumu.

Tuliposikia hayo tulimsimulia habari za kijana wa Ngomo, jiwe lake na bidoni yake. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akainama, akaokota jiwe moja la kadiri ya kiganja, akalitia katika mkoba wake. Kisha akafungua mfuko wa turubai, akampa Mzee anywe kwanza, naye akampa mtoto, na mtoto akatupa sisi. Maji yalikuwa na harufu ya nguo ya zamani, nayo yalikuwa baridi.

Wasomaji wapenzi, bloku iliyopasuka bado iko katika banda la Mzee. Ufa wa namna ile huweza kushonwa kwa vipini vya chuma vilivyosokotwa kimoja karibu na kimoja, na Mzee ameianza kazi hiyo na mtoto wetu, kila Jumamosi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Juu ya dirisha la banda amelikaza jiwe la Mama kwa waya. Na katika saa ya kupimia joto amechora kwa rangi nyekundu mstari mmoja penye 200, akamwambia mtoto wetu neno hili: "Siku tutakapokwenda tena, mshale ukigusa hapa, atakayeuona wa kwanza atasema kwa sauti, hata akiwa mdogo kuliko wote."